Mshiriki Namba Ishirini na Tisa

Mtaani walimwita Bi Hojaji, na hakuchukia. Kwa miaka ishirini na miwili majirani walimwona akitoka asubuhi na mkoba wa kitambaa begani, ndani yake karatasi za maswali, kalamu tatu na chupa ya maji, anakwenda kuwauliza watu mambo ambayo kwa kawaida mtu haulizwi na mgeni. Unapata usingizi? Huwa unalia bila kujua unalilia nini? Ukipata shida, yupo mtu wa kumweleza? Alikuwa mhoji katika idara ya saikolojia ya chuo kimoja. Msomi hakuwa, alisomea ualimu wa shule ya msingi, akafundisha miaka sita, sauti ikamkauka, akaacha. Wasomi waliandika maswali. Yeye aliyapeleka milangoni.

Lakini maswali mengine yalirudi kutoka milangoni yamebadilika, na hiyo ilikuwa kazi yake pia. Mwaka wake wa kwanza profesa alimpa dodoso lililotafsiriwa kwa haraka, na swali la tatu likasema, "Je, siku za karibuni umekuwa ukijisikia uko chini?" Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mkekani akamtazama kwa mshangao. "Niko chini kweli," akasema. "Kiti si umekikalia wewe?" Bi Hojaji alicheka mpaka akashuka kitini, wakakaa mkekani wote wawili, na mahojiano yakawa mazuri kuliko yote ya wiki ile. Aliporudi ofisini alimwambia profesa kwamba swali lile lizikwe. Wakaandika badala yake: "Je, umekuwa na moyo mzito?" Hapo watu wakajibu.

Alijua mengi ambayo hayakuwa vitabuni. Alijua kwamba mtu akiulizwa mbele ya mama mkwe wake hujibu ya mama mkwe. Alijua kwamba ukiuliza mambo mawili kwa pumzi moja utapata jibu la lile jepesi. Kwamba dodoso lenye visanduku humfanya mtu aweke alama katikati, asionekane mwenye shida wala mwenye majivuno, na kwamba ukitaka kujua lililo chini ya alama ile lazima ufunge karatasi, umwambie, "Hebu nieleze," halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu. Wahoji wapya aliwafundisha kuhesabu mpaka kumi kimoyomoyo. "Usimjazie mtu neno," aliwaambia. "Neno lako likishaingia mdomoni mwake, hutaliona lake tena."

Na kabla ya swali lolote, aliwasomea watu ahadi. Maneno yako ni siri. Jina lako halitaandikwa, utakuwa namba tu. Unaweza kukataa swali lolote. Unaweza kujitoa wakati wowote, hata baada ya mahojiano, na yote uliyosema yatafutwa. Aliisoma taratibu, akiwatazama usoni, si kama wale wanaoisoma kama wito wa abiria stendi. Nyumbani aliifanyia mazoezi jikoni huku akiosha vyombo, na mume wake, akipita na ndoo, alimalizia sentensi.

Mume wake alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha uchapaji. Alifanya kazi hapo miaka ishirini na saba. Alikuwa mcheshi, mwenye mikono ambayo wino haukuwahi kutoka kwenye kucha, na jicho la kuona kosa la herufi ukurasa ukiwa bado unatoka mashineni. Siku kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani saa nne asubuhi na kikombe chake cha chai, kile alichokuwa akikiacha kazini. Alikiosha, akakiweka kabatini pamoja na vingine, akaingia chumba cha nyuma kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa. Tangu siku ile akawa mtu wa chumba cha nyuma.

Hakuwa mlevi, hakuwa mkorofi. Alioga, alipiga pasi mashati yake, alifagia ua. Aliacha tu kuzungumza. Ukimwamkia aliitikia. Ukimuuliza kama chumvi imezidi alisema haijazidi. Basi.

Mwanzoni Bi Hojaji hakuhangaika. Alikuwa amewahoji wanaume wengi waliopoteza kazi, na alijua ukimya wao una msimu wake. Mwaka ukapita. Mwaka wa pili akaanza kutumia ufundi wake. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, akavuta kiti, akakaa pembeni kidogo, maana uso kwa uso humtisha mtu.

"Siku yako ilikuwaje leo?"

"Salama."

Akahesabu mpaka kumi. Akahesabu mpaka ishirini. Mume akageuka akamtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi macho yake yakawa na ule uchokozi wa zamani.

"Unahesabu," akasema. "Usinihoji, bibie. Mimi si nyumba namba kumi na nne."

Alijaribu njia nyingine. Asubuhi moja aliliacha dodoso mezani, lile la maswali arobaini na moja kuhusu hali ya moyo, na kalamu juu yake, akaenda kazini. Siku nzima kazi haikumkaa mikononi. Jioni alilikuta pale pale, limeandikwa. Alilichukua kwa mikono miwili. Hakuna kisanduku hata kimoja kilichowekwa alama. Mume alikuwa amesahihisha chapa: mstari huu umepinda, herufi hizi zimebanana, swali la kumi na tisa limekosa nukta, namba ya ukurasa imekaa vibaya. Kazi safi, ya mtu anayejua. Bi Hojaji alikaa mezani na karatasi zile, akacheka peke yake, kisha akazikunja na kuzitia mkobani.

Mganga hajigangi, akajiambia. Alikuwa na shangazi mkunga aliyepokea watoto wa mtaa mzima, lakini watoto wake mwenyewe wakazaliwa mikononi mwa wengine. Ndipo idara ilipopata utafiti mpya: mahojiano marefu na wanaume arobaini waliopoteza kazi kwa viwanda kufungwa. Si visanduku, maswali wazi, kinasa sauti mezani, mtu aseme atakavyo. Sheria ilikuwa mhoji asimhoji ndugu yake. Bi Hojaji akamfuata mwenzake mmoja ofisini, mwanaume wa miaka arobaini na kitu ambaye naye alitoka shuleni, kwa hiyo wote walimwita Mwalimu. Bi Hojaji ndiye aliyemfundisha kazi.

"Kuna mmoja wa kiwanda cha uchapaji," alimwambia. "Ukienda utamfahamu."

Mwalimu akaelewa. "Dada, akikataa?"

"Akikataa, amekataa. Ndiyo haki yake."

Mume hakukataa. Hilo lilimshangaza, tena likamuuma kidogo. Siku ya Jumamosi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaweka viti viwili sebuleni na glasi mbili za maji, kama mtu anayetarajia ujumbe wa posa. Mwalimu alipofika, Bi Hojaji akachukua kikapu, akatoka. Alizunguka sokoni bila kununua kitu. Alisimama kwa fundi viatu, akamuuliza bei ya soli ambayo hakuihitaji. Saa mbili zilipotimia alirudi, akakuta mlango wa sebule bado umefungwa.

Akasikia sauti ya mume wake.

Maneno hayakusikika, ila sauti ilisikika, na haikuwa sauti ya "salama" na "haijazidi". Ilipanda, ikashuka, ikasimama, ikaanza tena. Ilicheka. Kisha ikawa ya chini sana kwa muda mrefu, na Mwalimu hakumkatiza. Bi Hojaji alisimama uani karibu na kamba ya nguo. Angesogea hatua tatu angelisikia kila neno. Miguu ilitaka. Aliishurutisha kugeuka, akaenda kukaa nyuma kwenye ngazi ya jikoni, mikono magotini, akashukuru Mungu. Aliamini kwamba mlango umefunguka, na kwamba hata kama umefunguliwa na mwingine, yeye pia atapitia.

Jioni ile mume alikula akamaliza sahani.

"Mlizungumza nini?" Bi Hojaji akauliza, kama mtu asiyejali.

"Maswali yenu yale," akasema mume, akabeba sahani kwenda kuiosha.

Jumatatu, wakati wa chai, Bi Hojaji alimkuta Mwalimu peke yake karibu na birika. Hakuwa amepanga kuuliza. Midomo iliuliza yenyewe.

"Yuko sawa?"

Mwalimu alikoroga chai ambayo ilishakorogwa. "Dada, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Sikuulizi alichosema. Nauliza kama yuko sawa."

"Ni lile lile."

Alikuwa na haki, na Bi Hojaji alilijua hilo kwa uchungu wa mwalimu aliyeshindwa na mwanafunzi wake kwa somo lake mwenyewe. Kabati la kanda lilikuwa chini yake. Ufunguo ulining'inia shingoni mwake. Mahojiano yalikuwa ndani, mshiriki namba ishirini na tisa, na hakuna ambaye angejua. Kwa miezi saba alifungua kabati lile kila siku kutoa namba nyingine na kurudisha namba nyingine, na mkono wake haukugusa ile, wala jicho lake halikutua mahali pake. Alijivunia jambo hilo. Ilikuwa fahari kubwa aliyokuwa nayo mwaka ule, na baadaye hakuweza kuikumbuka bila kuona haya.

Mlango haukufunguka. Mume alirudi chumba cha nyuma na ukimya wake, ila sasa akawa anakonda. Mkanda uliingia tundu la ndani, kisha akatoboa tundu jipya kwa msumari. Bi Hojaji akasema ni mawazo. Mambo ya moyo hula mwili, yeye mwenyewe alikuwa ameyaandika hayo kwenye karatasi mamia ya mara. Akazidisha maswali. Unalala? Unakula mchana nisipokuwepo? Kuna kinachokuuma? "Hakuna," alisema mume, kwa upole, kila mara.

Asubuhi moja alimkuta ameanguka bafuni. Hospitali walimlaza, na daktari, mwanamke mdogo mwenye macho yaliyochoka, akamwita Bi Hojaji koridoni.

"Ini limeharibika kabisa, mama. Uvimbe umeshasambaa. Lakini si tulimweleza?"

"Mlimweleza nani?"

Daktari akafungua kadi. Kulikuwa na vipimo vya mwaka uliopita, na sahihi ya mume wake, ile yenye mkia mrefu. Tarehe ilikuwa wiki tatu kabla ya Jumamosi ya viti viwili.

Alirudi wodini. Mume alikuwa macho, ngozi ya manjano, mikono juu ya shuka. Alipomwona mkewe usoni, alijua kwamba ameshaambiwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alichukua muda kupata pumzi. "Nilikuwa nangoja uache kuuliza," akasema. "Ukiacha, nikuambie."

Basi akaacha. Alikaa kando ya kitanda kile siku kumi na moja bila kuuliza hata swali moja, hata kama anataka maji. Alimpa tu, akimwangalia midomo. Alingoja. Kwa miaka ishirini na miwili watu wageni walikuwa wamejaza ukimya wake kwa siri zao, na sasa alingoja kuliko alivyowahi kungoja. Lakini dawa za maumivu zilikuwa zimeanza, na mume alikuwa analala, na alipoamka alisema, "Geuza mto," au "Jua limenipiga," au aliita mashine ya kiwandani kwa jina la utani ambalo mafundi waliipa. Siku ya kumi na mbili, mchana, wakati wauguzi wanabadilishana zamu, alikata roho.

Binti yao alikuja kutoka alikoolewa, wakazika, watu wakaja na wakaondoka. Wiki mbili baadaye Bi Hojaji alirudi kazini na mkoba wake. Hakusalimiana na mtu. Alikwenda moja kwa moja kabatini, akafungua, na safari hii mkono haukusita. Kanda ya ishirini na nane ilikuwepo. Ya thelathini ilikuwepo. Katikati kulikuwa na kadi nyembamba, kwa mwandiko wa Mwalimu: *Mshiriki amejitoa. Sauti imefutwa.* Tarehe ilikuwa siku sita baada ya mahojiano.

Miezi saba yote ile alikuwa amelinda nafasi tupu.

Mwalimu alimkuta amesimama pale. Alifunga mlango wa ofisi.

"Alikuja mwenyewe, dada," akasema. "Kwa miguu, na lile shati jeupe. Aliijua ahadi kuliko mimi, hakunipa nafasi ya kumsomea. Alisema, yale maneno yameshanitoka, yamenipunguzia mzigo, lakini siyataki yakae kwenye kabati ambalo mke wangu ana ufunguo wake. Akasema atanisubiri nifute mbele yake. Nikachukua ufunguo wa akiba wa idara, nikafuta."

"Aliogopa nitasikiliza?"

"Hakusema aliogopa."

"Alikuambia anaumwa?"

Bi Hojaji alihesabu bila kutaka. Ilikuwa imeshakuwa kama kupumua. Kumi. Ishirini. Thelathini. Alipofika arobaini na kitu, Mwalimu alikaa kwenye kiti cha wageni, akashika uso kwa mikono.

"Nilimsihi akuambie," akasema. "Nilimsihi sana. Nikaenda kwa profesa, nikauliza bila kutaja mtu. Akaniambia ugonjwa wa mtu ni siri ya mtu."

"Profesa alikujibu sawasawa," akasema Bi Hojaji.

Hakumchukia Mwalimu. Angemchukia pengine ingemsaidia. Alimkumbuka mume wake sebuleni, na ile sauti iliyokuwa ikipanda na kushuka nyuma ya mlango, na akajua kwamba mtu mmoja tu duniani anaijua habari ile, na kwamba mtu huyo hataisema, na kwamba akiisema atakuwa amevunja jambo pekee ambalo mume wake aliliomba.

Aliendelea na kazi, lakini kazi ilikuwa imemkimbia. Alikwenda nyumba ya mama mmoja aliyefiwa na mtoto. Akamuuliza swali la kwanza, yule mama akanyamaza, na Bi Hojaji hakuweza kuvumilia. "Bila shaka ulihuzunika sana," akamjazia. Yule mama akasema ndiyo, nilihuzunika sana, na baada ya hapo akawa anakubali tu kila alichoambiwa. Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo. Waliosikiliza kanda walianza kuona kwamba sauti yake ni nyingi kuliko za washiriki. Profesa, ambaye alikuwa muungwana, alimwita akamwambia apumzike na mizunguko, aingize majibu kwenye kompyuta. Sivyo kabisa ni sifuri, kidogo ni moja, sana ni mbili, sana mno ni tatu. Aliingiza sifuri na moja na mbili na tatu mwaka mzima. Kisha madodoso yakahamia kwenye simu, watu wakawa wanayajaza wenyewe kwa kidole, na idara haikuwa na haja tena ya mtu wa kwenda milangoni wala wa kuingiza. Walimuaga kwa chai na keki. Mwalimu alitoa hotuba fupi ambayo hakuimaliza.

Baada ya hapo alihamia kwa binti yake, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Binti alikuwa mshonaji, mwenye kazi nyingi, na jioni walikunja nguo za wateja pamoja. Siku moja, bila kuinua macho, binti akasema, "Mama, hivi Baba ile miaka ya mwisho alikuwaje? Mimi nilikuwa mbali. Nieleze basi."

Bi Hojaji alilaza suruali mezani, akaikunja mguu mmoja juu ya mwingine.

"Alikuwa anapiga pasi mwenyewe," akasema. "Kola kwanza. Halafu mikono."

Binti alingoja aendelee. Lakini alichokuwa nacho kilikuwa hicho, na ua uliofagiliwa, na chumvi isiyozidi. Alitafuta kingine na hakukipata. Baada ya muda binti alinyoosha mkono akawasha redio, na wakaendelea kukunja mpaka rundo likaisha.